Ndege Niliyemwandika Bila Kumwangalia

Nakumbuka vizuri asubuhi ile, mwanangu, kwa sababu ndiyo asubuhi niliyojiona mtaalamu. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nimetoka Bukoba na cheti changu cha wanyamapori, na nilikuwa nimepata kazi ya majaribio katika mradi mmoja wa mazingira hapa Mwanza. Walinipa darubini, kitabu cha ndege na daftari. Mimi binti wa Kihaya niliyekulia migombani, baba yangu mwinjilisti wa Kilutheri, kutembea na darubini shingoni halikuwa jambo dogo kwangu. Hata ndani ya basi sikuivua.

Nilitumwa kwenye kijiji kimoja cha wilaya ya Magu, kando ya ziwa. Watu wa pale walikuwa wanachimba mfereji kwa majembe yao wenyewe, kutoka mtoni hadi kwenye majaluba ya juu. Majaluba, kama hukuyaona, ni vipande vya shamba la mpunga vilivyozungushiwa kingo za udongo ili vishike maji. Mfereji ulipaswa kukatiza tambarare ya tope karibu na ziwa, na kabla ya kibali ilitakiwa mtu aorodheshe ndege wanaotumia tope lile. Tulipangwa wawili. Mwenzangu, aliyekuwa na uzoefu, akashikwa na malaria. Nikaenda peke yangu, na nisikufiche, nilifurahi.

Nilifika jua limeshapanda na linaniangalia usoni. Kwenye tope kulikuwa na kundi kubwa la chamchanga, ndege wale wa miguu mirefu na midomo ya kudonoa matope. Nikaona wakubwa, nikawatambua kwa kitabu. Halafu nikaona katikati yao wadogo, kimo kama theluthi mbili ya wale wengine, kifua cha rangi ya mchanga, miguu ya manjano. Nikafungua kurasa haraka. Kulikuwa na picha ya ndege mdogo wa kifua cha mchanga na miguu ya manjano, na maandishi chini yake yalisema anatoka ng'ambo ya Atlantiki na kwamba huku kwetu ni nadra mno kuonekana. Nikainua darubini mara moja, nikaishusha, nikaandika. Walikuwa wengi sana wale wadogo, nami niliwaandika wote kwa jina hilo.

Hebu fikiria. Ndege ambaye mtu anaweza kumtafuta maisha yake yote asimwone, mimi nimemwona siku ya kwanza, tena kundi zima. Hapo mtu mwenye akili alipaswa kusimama ajiulize. Mimi nilifunga daftari.

Mama mmoja alikuwa anarekebisha ukingo wa jaluba lake hatua chache kutoka nilipokuwa. Nilimwamkia, "Shikamoo mama." Akaitikia, "Marahaba binti. Umeshamaliza?"

"Nimemaliza mama."

"Mbona hata hujakaa chini," akasema, akaendelea na jembe lake.

Nilicheka kwa adabu nikaondoka. Niliona ni mkulima tu, atajua nini.

Ripoti yangu ilimfikia mkuu wa mradi, Bwana Mashauri. Alikuwa mtu mwema kwa kawaida, mchapakazi, lakini mradi wake ulikuwa umekaa muda mrefu bila jambo la kuwaonyesha wafadhili. Aliisoma akiwa amesimama. Akaniita "mtaalamu wetu" mbele ya ofisi nzima. Katika wiki mbili barua zikaenda wilayani, na wilaya ikaandika nyingine: uchimbaji wa mfereji usimame hadi wataalamu kutoka mbali waje, baada ya mvua, wamthibitishe ndege huyo. Nilimpigia baba simu. Baba akawasimulia waumini baada ya ibada.

Barua ya kusimamisha mfereji nilitumwa kuipeleka mimi mwenyewe, ili niwaeleze wanakijiji umuhimu wake. Walikusanyika kwenye uwanja wa shule. Nikaeleza kwa Kiswahili changu cha chuoni, kwamba wamebahatika kuwa na ndege adimu duniani. Hakuna aliyepiga kelele. Walinisikiliza kama watu wanaosikiliza habari za msiba wa jirani. Mwenyekiti wa kijiji aliuliza kama wanaweza kumalizia kipande kilichobaki tu, maana mvua ilikuwa inakaribia. Nikasema haiwezekani.

Ndipo yule mama wa ukingoni aliposimama. Walimwita Mama Kabula. Alikuwa na miaka hamsini na kitu, mjane, na kijijini ndiye aliyetegemewa katika kuamia mpunga, yaani kulinda mashuke dhidi ya ndege kuanzia yanapoanza kujaa hadi yanapokatwa. Kazi hiyo alikuwa ameifanya tangu utoto.

"Mimi sina ugomvi na ndege," alisema. "Nataka nionyeshwe huyo tunayemlinda ni yupi, nimjue. Kesho asubuhi twende, binti."

Watu wote waliniangalia. Nikasema sawa mama, twende.

Nililala kwa mwenyekiti, na jua lilipochomoza tulikuwa tayari kwenye tope. Mama Kabula alichagua mahali ambapo jua lilikuwa mgongoni kwetu, akatandika gunia, akaniambia nikae. Ndege walikuwepo, wakubwa na wadogo, wamechanganyika kama siku ile.

"Nionyeshe."

Nikamwonyesha. Akatazama upande niliosonta, akauliza, "Hao wadogo? Hao ndio mmesimamishia mfereji?"

"Ndiyo mama."

"Hao ni majike wa wale wakubwa."

Nilijibu kwa upole wa mtu anayejua zaidi. Nikamwambia tofauti ya kimo ni kubwa mno, ndege jike na dume wa aina moja hawatofautiani hivyo. Mama Kabula hakukasirika. Alisema, "Binti, mimi hao nimewapasua jikoni wengi. Tulikuwa tunawatega miaka ya njaa. Kila mkubwa ukimpasua ni dume. Kila mdogo ukimpasua unakuta kishada cha mayai, madogo kama punje za ulezi. Sijawahi kukuta mdogo akiwa dume wala mkubwa akiwa na mayai. Sasa wewe uliwapasua wangapi?"

Nilitaka kuinuka, akanishika mkono. "Kaa. Siku ile hukukaa."

Tulikaa hadi jua likawa utosini. Mwanangu, ule ndio mwanzo wa elimu yangu, mengine yote yalikuwa maandalizi. Mama Kabula alinifanya nimtazame ndege mmoja mdogo tu, nisimwache, aende popote. Nikaona kifua chake hakina michirizi, ni rangi ya mchanga iliyofifia taratibu kuelekea tumboni. Yule wa kitabuni alikuwa na michirizi minene inayokatika ghafla, kana kwamba ameshonewa kizibao. Nikaona miguu. Huyu yake ya manjano, jirani yake ya kijani, mwingine ya rangi ya chungwa, na wote wanakula pamoja, wanatembea namna moja, shingo ndefu na kichwa kidogo. Kisha mwewe akapita, kundi likaruka, na mama akasema, "Angalia mkiani." Wakubwa kwa wadogo, kila mmoja alikuwa na baka jeupe kila upande wa mkia, kama mayai mawili. Wa kitabuni hana mabaka hayo.

Jioni ile nilisoma upya kitabu chote, hata ukurasa wa wakubwa nilioupita haraka kwa sababu niliona ni ndege wa kawaida. Ilikuwa imeandikwa wazi: jike ni mdogo sana kuliko dume. Iliandikwa pia kwamba dume, akiwa kwao kaskazini wakati wa kupandana, huota manyoya shingoni kama kola kubwa, na huku kwetu hufika akiwa ameyapukutisha. Ndege huyo ameenea kila penye tope kuanzia Magu hadi Sengerema.

Niliporudi kumuaga asubuhi, Mama Kabula aliniambia maneno ambayo sijayaweka chini hadi leo. "Ndege kufanana si kosa lako, hata mimi wananichanganya. Lakini uliwaangalia kwa muda wa kumenya muhogo mmoja, ukaenda ukatuandikia sisi wote. Mvua haitawangoja wataalamu wako. Sasa utafanya nini?"

Nikasema, "Nitalirekebisha mama."

"Mimi sitaki ahadi," akasema. "Nitaangalia mfereji."

Nikapanda basi hadi kituo cha Buzuruga hapa Mwanza, na kutoka pale nikatembea moja kwa moja hadi ofisini, hata mkoba sikupeleka nyumbani. Nilimweleza Bwana Mashauri kila kitu. Alisikiliza, akafunga mlango.

"Koku," akaniambia, "mtu yeyote anaweza kukosea, hata hao wataalamu wanaokuja. Tuache waje baada ya mvua. Wakimkosa, tutasema amehama. Ndege wanahama. Nani atakuuliza?"

"Mfereji umesimama, bosi."

"Watachimba mwakani."

Nilimwambia nimeandika barua ya masahihisho, nikaomba aitie saini. Alikataa. Nikasema basi nitaipeleka wilayani mwenyewe kwa jina langu. Kisha akasema kwa sauti ya chini, bila hasira, na hilo ndilo lililoniumiza, "Ukitoka na barua hiyo, usitegemee jina lako kwenye orodha ya ajira."

Nikatoka nayo. Nisikudanganye kwamba nilikuwa jasiri. Kwenye ngazi nilisimama kidogo nikimfikiria baba na wale waumini wake. Lakini nilikuwa nimeamua tangu pale kwenye gunia, na nilichokuwa nacho kichwani ni mvua tu.

Wilayani nilikaa kwenye benchi siku tatu. Siku ya kwanza ofisa hayupo, ya pili yuko kikaoni, ya tatu akanipokea. Alikuwa injinia wa maji, mtu mnene mwenye haraka. Alisoma barua ya kwanza, akasoma ya pili, akaziweka sambamba mezani.

"Zote mbili umeandika wewe," alisema. "Kwa nini niamini hii na si ile?"

"Usiamini hata moja, mheshimiwa. Twende ukaangalie mwenyewe. Nipe asubuhi moja tu."

Nadhani alikubali ili aniondoe pale. Lakini tulikwenda. Nilimkalisha jua likiwa mgongoni, nikampa darubini, nikamwambia asichague ndege wa kuangalia, amfuate yeyote. Mama Kabula alikuja na kibuyu cha maji, akakaa pembeni. Injinia alilalamika kuhusu viatu vyake, kisha akaanza kuuliza maswali. Saa nne hivi kundi liliruka na akasema mwenyewe, kabla sijafungua mdomo, "Wote wana mabaka."

Agizo likaondolewa wiki hiyohiyo. Ningependa nikuambie kwamba hapo mambo yakawa sawa, lakini mvua zilikuwa zimeshaanza. Tope lililainika, kingo za mfereji zikabomoka, na kipande cha mwisho hakikuchimbika. Majaluba ya chini yalipandwa. Ya juu hayakupata maji ya kutosha, na matatu kati yake yalikuwa ya Mama Kabula. Miche yake ilinyauka kwenye kitalu nikiiona kwa macho yangu. Bintiye, Kabula, aliyekuwa amechaguliwa chuo cha uuguzi, alibaki nyumbani mwaka mzima kwa sababu ada yake ilitegemea mpunga ambao haukupandwa. Hakunisema kwa hilo hata siku moja, na mimi sikuwahi kulisahau hata siku moja.

Ajira sikupata. Baba alikuja kutoka Bukoba kunichukua, nikamwomba aniache kwanza. Nikarudi kijijini, nikamwambia Mama Kabula nimekuja kuamia. Alinitazama tangu kichwani hadi miguuni. "Hulipwi," akasema. "Sitaki malipo mama," nikasema. "Utaamka alfajiri?" "Nitaamka." Akanipa kombeo na debe bovu la kugonga.

Nilikaa naye hadi mavuno ya yale majaluba ya chini. Alinifundisha kwa kufanya kazi, maana hakuwa mtu wa kukaa akafundisha. Kwelea, yule mla nafaka, akija, tunagonga debe. Chamchanga akija, tunamwacha, kwa sababu huokota punje zilizoanguka na wadudu wa kwenye tope, hapandi kwenye mashuke. Kwa hiyo ilikuwa lazima kujua kwa mbali nani ni nani, la sivyo unachoka bure na kufukuza asiye na hatia. Kwenye kingo walikuja chamchanga wa aina tatu walionisumbua kuliko wote, karibu kimo kimoja na rangi moja. Mmoja hutikisa mkia bila kupumzika, na weupe wa tumbo lake hupanda kidogo mbele ya bega. Wa pili ana madoa mgongoni, miguu ya manjano, na akiruka chini ya bawa lake ni kweupe. Wa tatu ni mweusi zaidi, hupenda kukaa peke yake, na akiruka bawa lake kwa chini ni jeusi kabisa, kiuno cheupe kama aliyekaa kwenye unga. Ilinichukua mwezi mzima kuwatenganisha bila kubahatisha. Mama Kabula aliwatenganisha kwa sauti, akiwa ameinama anapalilia, bila kuinua kichwa.

Nikikosea alikuwa ananiuliza swali moja tu: "Umeona, au umedhani?" Wakati mwingine nilijibu nimedhani, na hapo hakunigombeza. Alinigombeza niliposema nimeona kumbe nimedhani.

Mwaka uliofuata walimaliza mfereji, nami nilikuwa mmoja wa waliochimba. Siku ya kufungulia maji mwenyekiti aliniuliza mbele ya watu, "Sasa wewe tuambie ukweli, hawa ndege wa kawaida wanahitaji nini?" Nilijua kwamba nusu ya watu pale bado hawaniamini, na walikuwa na haki. Nikasema wanahitaji kona ile ya tope mwisho wa mfereji isikaushwe, kwa sababu wanatoka mbali na wanahitaji mahali pa kula na kupumzika. Kulikuwa na ubishi. Mwishowe Mama Kabula alisema, "Huyu siku hizi anaangalia." Kona ikaachwa.

Kabula alikwenda chuo mwaka huo, na baadaye akawa muuguzi Sengerema. Mimi kazi ya ndege niliipata tena baada ya miaka kadhaa, mahali pengine, na nimeifanya hadi nimestaafu. Mama Kabula tulimzika miaka michache iliyopita. Nilimwaga udongo kaburini kwake kama mtoto wake, na wanawe waliniruhusu.

Mwanangu, nimekueleza haya kwa sababu jana nilikuona ufukweni na simu yako. Ulimpiga picha kitwitwi, simu ikakupa jina, ukalituma kwa wenzako kabla ndege hajamaliza kumeza alichodonoa. Simu si mbaya, mimi mwenyewe ninayo. Lakini ile inakupa dhana, na dhana ni mahali pa kuanzia kazi. Kaa chini. Weka jua mgongoni. Mfuate ndege mmoja mpaka umwone anavyotembea, anavyokula, rangi ya miguu, alivyo chini ya bawa, na sauti yake anapoondoka. Ukiona kitu ulichokuwa unakitamani sana, hapo ndipo uangalie mara tatu. Usipojua, andika sijui. Nina madaftari yaliyojaa neno hilo na wala siyaonei aibu. Ninaouonea aibu ni ukurasa mmoja tu, ule nilioujaza kwa uhakika.

Na siku utakapokosea, maana utakosea, usiwatume watu wala usingoje mvua ipite. Rudi mwenyewe kwa wale uliowakosea, uwaambie kwa mdomo wako, na kama kuna jembe la kushika, lishike. Hata kama utapoteza kazi. Kazi nyingine hupatikana. Mpunga wa mtu ulionyauka msimu wake haurudi.

Mungu akupe macho yanayotulia na moyo usioogopa kusema nimekosea. Akupe watu wa kukukalisha chini unapokuwa na haraka, nawe uwasikilize. Kila mahali utakapokanyaga ufukwe wa ziwa hili, watu wa hapo wafurahi kwamba ulipita. Haya, nenda mwanangu, ndege wanaanza kushuka kwenye tope.